Waliopitwa na Chanjo: Mjadala wa Busisi

Kabla ya tarehe 19 Juni 2025, siku lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita kwa njia ya Busisi alisubiri kivuko ziwani. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali, lakini jambo moja halikubishaniwa, si upande wa Kigongo wala wa Busisi: gari la wagonjwa likifika, linapishwa. Lori la mahindi linangoja, basi linangoja. Hata mwenye haraka zake alinyamaza, kwa kuwa sababu aliiona kwa macho.

Mwaka 2018 ilikuja foleni ya namna nyingine. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutumika nchi tajiri mwaka 2006, ilizinduliwa Tanzania nzima mwezi Aprili, na papo hapo ikatangazwa kwamba watakaochanjwa ni wasichana wa miaka 14. Wa miaka 9 hadi 13 wasubiri. Wa miaka 15 na kuendelea hawamo. Sababu ilikuwa uhaba: duniani kote chanjo haikutosha. Amri ya umri ilifika hadi kijiji cha mwisho. Sababu yake ikabaki njiani. Na mtu asiyepewa sababu hutafuta ya kwake.

Mjadala unaofuata nimeupanga mwenyewe. Sauti zake ni za watu wa aina utakaowakuta Busisi siku yoyote, na hoja ni zile zinazosikika mwaloni, saluni na kwenye benchi la zahanati. Maneno ni yangu. Nina upande wangu pia, na sitauficha.

Mama wa dagaa: Nianze mimi, maana ninalo moyoni. Dada yangu alikufa kwa ugonjwa huu. Alianza kutoka damu siku zisizo zake, akaona aibu, akanyamaza. Akanywa dawa za miti. Tulipomvusha kumpeleka hospitali ya Bugando hata kukaa kitako alikuwa hawezi, alilala ubavu kwenye kanga tatu, na harufu yake watu kivukoni waliisikia wakasogea. Madaktari walisema umeshaenea. Sasa, niliposikia redioni chanjo imekuja, nilifunga meza yangu siku hiyo hiyo nikamchukua binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na moja. Nikaambiwa huyu bado mdogo, mlete akifika kumi na nne. Nikauliza, huo ugonjwa nao unahesabu miaka? Hakuna aliyenijibu.

Muuguzi: Mama, swali lako lilistahili jibu, na jibu lilikuwepo. Wakati ule viwanda vilivyotegemewa kutengeneza chanjo hii vilikuwa viwili tu: Merck ya Marekani na GSK ya Uingereza. Nchi nyingi za Afrika na Asia ziliingia kwa pamoja kuiomba, na kilichopo hakikutosha. Ikabidi serikali ichague. Msichana wa miaka kumi na moja akisubiri, bado atafika kumi na nne akiwa ndani ya umri wa chanjo. Aliye na kumi na nne akisubiri mwaka mmoja, ameshatoka. Ndiyo maana walianza na wa mwisho mlangoni. Chanjo hii inakinga, haitibu. Kirusi chenyewe, HPV, huambukizwa kwa kujamiiana, kwa hiyo unataka umkute binti kabla hajakutana nacho.

Mama wa dagaa: Kumbe maneno yenyewe ni haya? Dakika mbili tu umeyamaliza.

Mzee wa mitumbwi: Mimi sijamaliza. Mnisikilize na mimi, msiniite mshamba. Mtu akija kwangu na dawa, akasema nataka watoto wa kike peke yao, wa umri mmoja peke yao, wazima wa afya, na ni bure, mimi nina haki ya kuuliza anatafuta nini. Hapa mwaloni tulisema wanataka kuwafunga uzazi. Hilo la kwanza. La pili, mliposema mara ya kwanza, ilikuwa sindano mbili, miezi sita kati yake. Mwaka 2024 mkasema moja inatosha. Na nimesikia zamani zilikuwa tatu. Tatu, mbili, moja. Anayejua kazi yake habadilishi kipimo kila akiamka.

Mwalimu: Mzee, shikamoo. Nami niseme nilichokiona shuleni. Mwaka ule nilikuwa na darasa la saba. Nikaambiwa niorodheshe wasichana wenye miaka 14. Wengi hapa hawana cheti cha kuzaliwa, tarehe iliyo kwenye rejesta aliitaja bibi siku ya kuandikishwa darasa la kwanza. Nikawa ndiye hakimu wa nani amefika, nani hajafika na nani amepita. Nilikuwa na mabinti wawili wamekaa dawati moja, wamepishana wiki chache. Mmoja akaingia, mwingine nikamfuta kwa kalamu nyekundu. Mama yake alikuja kesho yake. Hakuja kukataa chanjo. Alikuja kuuliza kwa nini nimembagua mwanawe, na kama ni kwa sababu yeye hakuchangia ujenzi wa choo cha shule. Mtu mmoja huku anasema chanjo ni sumu, mwingine huku anasema mnawapa watoto wenu. Yote yametoka kwenye orodha moja.

Hapo Mwalimu amegusa jambo ambalo wanaoandika kuhusu chanjo Afrika hulipita haraka. Tumezoea kusikia kwamba tatizo letu ni watu kuogopa. Busisi ina hofu, kweli, na pia ina hasira ya kunyimwa. Vyote viwili vinaweza kukaa kwa mama mmoja asubuhi moja. Anayekuja kumwelimisha kwamba chanjo ni salama, wakati yeye analalamika hajaipata, anamjibu swali ambalo hakuuliza.

Na hasira hiyo ina msingi. Rwanda, ambayo wafanyabiashara wa kanda hii huifikia kwa lori kupitia mpaka wa Rusumo, ilianza kuwachanja wasichana wake nchi nzima mwaka 2011. Uganda ilianza 2015. Sisi tulifanya majaribio Kilimanjaro kuanzia 2014, na nchi nzima ikaja 2018. Bei ilikuwa kikwazo cha kwanza: chanjo iliyouzwa zaidi ya dola 100 kwa dozi huko Marekani haikuwa ya bajeti yetu, hadi mwaka 2013 Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, ilipopatana na watengenezaji ishuke kwa nchi maskini hadi kama dola 4.50. Bei ilipofunguka, uhaba ukafunga. Katika miaka hiyo yote ugonjwa haukusubiri. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yanasema Watanzania zaidi ya 10,000 waligundulika na saratani hii, na zaidi ya 6,500 walikufa nayo. Dada wa mama huyu hayupo peke yake.

Muuguzi: Nimjibu mzee kwanza, maana ameuliza vizuri. Juu ya uzazi: Rwanda walichanja mabinti wa darasa la sita mwaka 2011. Aliyekuwa na miaka kumi na mbili wakati ule leo amevuka ishirini na tano. Wanaolewa, wanazaa, tunawaona. Australia walianza 2007. Kama ilikuwa dawa ya kufunga uzazi, nchi hizo zingekuwa zimeshapiga kelele. Juu ya wasichana tu: saratani hii ni ya mlango wa kizazi, mwanamume hana. Kirusi anacho, nitafika huko. Juu ya tatu, mbili, moja, mzee, hapo nina habari kwako. Miongoni mwa waliosababisha iwe moja ni watoto wa hapa.

Mzee wa mitumbwi: Wa hapa wapi?

Muuguzi: Mwanza. Hapo ng'ambo.

Niingilie, kwa kuwa hili ndilo lililonifanya niuandike mjadala huu, na nadhani kila mzazi wa kanda ya ziwa anapaswa kulijua.

Mwaka 2010 na 2011, kabla ya taifa kuwa na mpango wowote wa chanjo hii, watafiti walikwenda katika shule za msingi 134 za Mwanza. Walitaka kujua njia ipi inafikia wasichana wengi zaidi: kuwachanja wa darasa la sita wote, au kuwachagua wa miaka 12 popote walipo. Ilikuwa dozi tatu. Njia ya darasa ilishinda, na zaidi ya robo tatu ya wasichana walimaliza dozi zote. Kitu kimoja kwa Mwalimu wetu: ushahidi kwamba kuchagua kwa darasa ni rahisi kuliko kuchagua kwa tarehe ya kuzaliwa ulikuwa umeshapatikana Mwanza miaka saba kabla hajashika kalamu yake nyekundu. Lakini utafiti ulipokwisha, chanjo haikubaki. Wasichana waliofuata darasa la sita, mwaka hadi mwaka, walisubiri hadi 2018.

Kisha mwaka 2017 ukaanza utafiti wa pili, unaoitwa DoRIS, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na wenzao wa Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London. Wasichana 930 wa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, waligawanywa kwa kura katika makundi sita: aina mbili za chanjo, na kwa kila aina wengine walipata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Wakawa wanarudi kutolewa damu. Fikiria mtoto wa darasa la nne anayenyoosha mkono mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa miaka. Baada ya miezi 24, karibu wasichana wote waliopata dozi moja tu walikuwa bado na kinga mwilini dhidi ya aina ya 16 na ya 18, zile mbili zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Damu peke yake haitoshi kusema mtu amekingwa. Na huwezi kumpima mtoto wa miaka 10 maambukizi ya zinaa ili uone kama chanjo imefanya kazi. Jibu lilitoka upande wa pili wa ziwa. Huko Kisumu, pamoja na Thika na Nairobi, wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki utafiti wa KEN SHE. Baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imewakinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya maambukizi sugu ya aina hizo mbili. Baadaye watafiti walilinganisha kinga iliyo katika damu ya mabinti wa Mwanza na ile ya dada zao wa Kenya waliothibitika kukingwa. Zikalingana. Tayari Aprili 2022 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani walisema dozi moja inatosha kwa wasichana, na Desemba mwaka huo Shirika lenyewe likaiweka kwenye msimamo wake. Kwa hatua hiyo, shehena iliyokuwa ya wasichana milioni moja ikawa ya milioni mbili. Mwaka 2021 kiwanda cha tatu, Innovax cha China, kilikuwa kimeshapata kibali cha Shirika, na uhaba ukaanza kulegea. Aprili 2024 Tanzania ikawafungulia mlango wote wa miaka 9 hadi 14, dozi moja.

Kwa maneno mengine, foleni ya dunia ilifupishwa kwa mchango wa watoto wa Mwanza na wanawake vijana wa Kisumu. Na Busisi, ng'ambo tu, wazee walikuwa wanaulizana kama chanjo ni njama ya wageni.

Mzee wa mitumbwi: Kwa nini hatukuambiwa?

Muuguzi: Mzee, na mimi nilijua baadaye. Tulifundishwa namna ya kuchoma, namna ya kutunza baridi, namna ya kujaza fomu. Kisanduku cha chanjo kina vipande vya barafu pande nne, nakibeba begani kama mtoto. Nikifika shuleni nahesabu dakika tangu nikifungue. Hayo yote nilifundishwa. Hadithi ya kipimo kupungua sikupewa niwaeleze watu. Nilipewa karatasi inasema sasa ni dozi moja.

Mzee wa mitumbwi: Basi msitulaumu sisi kwa maneno ya mwaloni. Mimi nimevua miaka arobaini. Serikali ikifunga ziwa miezi ya samaki kuzaliana na ikatueleza, tunanung'unika lakini tunatia nyavu ndani. Ikifunga bila kueleza, watu wanavua usiku. Na kuna jambo jingine. Januari 2021 Rais Magufuli alikuwa Chato, hapo mbele tu, akatuonya na chanjo za korona. Tukamsikiliza, ni rais wetu na ni mtu wa kwetu. Julai mwaka huo huo zikaingia chanjo zaidi ya milioni moja kutoka Marekani, Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, na sisi tukaambiwa tupange mstari. Leo kataa, kesho kubali. Mtu wa kawaida afanye nini?

Nakubaliana na mzee katika nusu ya hoja hiyo. Chanjo ya korona ilichelewa Tanzania kwa sababu viongozi wetu wa wakati ule hawakuitaka. Ya saratani ilichelewa wakati serikali inaitaka na viwanda havina. Ucheleweshaji wa kwanza ni wetu na tunapaswa kuukiri; wa pili ulitoka nje na tulipaswa kuutangaza. Mtu wa Busisi alionyeshwa vyote viwili kwa sura moja: gari limekuja, gari halijaja. Nusu nisiyokubaliana nayo ni hii ya kuchanganya vitu viwili halafu binti wa miaka tisa akawa ndiye anayelipia. Ukimzuia leo asichanjwe kwa hasira ya 2021, aliyekukosea hapati hasara yoyote.

Mzee wa mitumbwi: Sijasema nitamzuia. Nasema nauliza.

Kijana wa bodaboda: Na sisi wanaume? Sista kasema kirusi tunacho. Mbona hamtuchanji, halafu mnatulaumu kwa kuwaambukiza?

Muuguzi: Hilo nalo ni la uhaba. Chanjo inawafaa wanaume pia, kuna saratani nyingine za koo na za njia ya haja kubwa zinaletwa na kirusi hiki. Lakini chache iliyopo, ukiwapa wasichana, unaokoa wengi zaidi. Na wasichana wakichanjwa wengi, kirusi kinakosa pa kupita, hata ninyi mnakingika.

Nimwongezee kijana jambo linaloniuma. Septemba 2019 Uingereza ilianza kuwachanja wavulana wa shule wa miaka 12 na 13. Mwezi uliofuata wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliziomba nchi zote zisitishe kwa muda mipango ya kuchanja wavulana na rika za ziada za wasichana, ili chanjo ifike kwanza kwa wasichana wa nchi zenye wagonjwa wengi. Lilikuwa ombi, halikuwa amri, na mwenye fedha na mkataba aliendelea. Sitaki mtoto yeyote wa Manchester akose kinga. Ninachosema ni kwamba mwaka ule mvulana wa Manchester alitangulia mbele ya msichana wa miaka 13 wa Sengerema, na katika foleni ya kivuko hilo tungelikemea kwa sauti.

Dada wa saluni: Sasa mnisikilize na mimi, maana kila mtu hapa anazungumzia watoto. Nina miaka ishirini na mbili. Mwaka 2018 nilikuwa na kumi na tano. Nilikuwa kidato cha pili, wakaja wanawake wawili na kisanduku, wakaita majina ya kidato cha kwanza. Mimi na wenzangu tukachungulia dirishani. Tukasema hawa wana bahati mbaya, wanachomwa sindano. Tulicheka. Leo wateja wangu wananisimulia mambo yao nikiwa nawasuka, mtu akiinamisha kichwa husema yasiyosemeka: maumivu, damu, mume amekimbia. Ninarudi nyumbani najiuliza, mimi niko wapi katika mipango yenu? Mdogo wangu alichanjwa 2024, dozi moja, kamaliza. Mama anaweza kwenda kupimwa. Mimi je?

Muuguzi: Uchunguzi wetu wa kawaida ni wa miaka 30 hadi 50. Tunapaka siki kwenye mlango wa kizazi, tunaangalia kama pana sehemu inageuka nyeupe. Ikionekana mapema, tunaitibu kwa tiba mgando, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wanaoishi na VVU wanaanza mapema zaidi, kwa sababu kwao ugonjwa unakwenda mbio.

Dada wa saluni: Kwa hiyo nisubiri miaka minane.

Muuguzi: Ukiona damu baada ya tendo, au damu isiyo ya siku zako, au uchafu wenye harufu, usisubiri umri. Njoo hata leo.

Dada wa saluni: Hizo ni dalili. Dada yake mama wa dagaa alikuwa na dalili. Mimi nauliza kabla ya dalili.

Hapa ndipo upande wangu ulipo. Utafiti wa Kenya ulifanywa kwa wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 20: rika la dada huyu hasa. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2022 unaruhusu dozi moja au mbili kwa umri huo, nchi ikiweza. Wakati unatoka, yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa bado ndani. Hakuna aliyerudi kumwita, kwa sababu mpango wetu ulikuwa umeshafunga ukurasa wake mwaka 2018, na ukurasa ukishafungwa katika ofisi zetu kuufungua ni kazi. Naelewa kwa nini walianza na wa miaka 14 tu. Ningekuwa na dozi chache, ningefanya hivyo hivyo. Nisichokielewa ni kuwaacha waliopitwa kana kwamba umri wao ulikuwa kosa lao. Waliozaliwa miaka michache kabla ya 2004 ni kizazi kizima cha wanawake wa Tanzania ambao chanjo iliwapita kwa uhaba, na mwaka hadi mwaka walivuka miaka 20, hadi wote wakatoka hata kwenye ruhusa ya dozi moja.

Wako watakaosema fedha hazitoshi, na kwamba shilingi ya afya ikiwekwa kwa watoto wa miaka tisa inafanya kazi zaidi kuliko ikiwekwa kwa mwanamke ambaye huenda ameshaambukizwa. Ni hoja nzito, na wataalamu wengi wanaishikilia. Jibu langu ni kwamba kama hatuwezi kuwapa chanjo, basi tuwape uchunguzi mapema, na tuwaambie kwa nini. Kizazi kilichokosa kinga ndicho kinachohitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi. Sasa hivi hakina kimoja wala kingine.

Mama wa dagaa: Na binti yangu, yule aliyerudishwa? Alichanjwa 2021, kidato cha kwanza, akapata moja. Ya pili tulikuwa tumeshahamia Geita kwa shangazi yake, haikupatikana. Nimekaa na wasiwasi miaka yote hii.

Muuguzi: Kwa utaratibu wa sasa amemaliza, mama. Moja inatosha, isipokuwa kwa wenye VVU, hao wanahitaji zaidi. Kadi yake unayo?

Mama wa dagaa: Ninayo. Imekunjwa ndani ya Biblia.

Muuguzi: Itunze. Na wewe mwenyewe umri wako unaruhusu uchunguzi. Umeshapimwa?

Mama wa dagaa: Sijapimwa. Naogopa, si uongo. Nimeona dada yangu alivyokufa.

Mwalimu: Mimi nina pendekezo. Rejesta ya 2018 bado ipo kabatini, na majina niliyoyafuta yanasomeka. Shule ya sekondari nayo ina majina ya kidato cha pili na cha tatu cha mwaka ule. Tukiyaweka pamoja, tutajua kwa kata hii ni wangapi waliopitwa. Nitaandika barua ipite kwa mtendaji wa kata, iende kwa mganga mkuu wa wilaya Sengerema, nakala kwa diwani wetu. Tuombe mambo mawili. Kwanza, wanawake wa rika hilo wapewe nafasi ya uchunguzi bila kungoja miaka 30, na kama chanjo za ziada zipo, wafikiriwe. Pili, kila chanjo mpya inapokuja, tangazo liseme imetoka wapi, ziko ngapi, nani anaanza na kwa nini, na wengine wataitwa lini. Libandikwe shuleni, zahanati na mwaloni.

Kijana wa bodaboda: Na wavulana.

Mwalimu: Naongeza. Wavulana lini.

Dada wa saluni: Majina ya darasa langu ninayo mimi, hata walioolewa Katoro na Chato. Wengine tuko kwenye kundi moja la simu. Nitakuletea Jumamosi.

Mzee wa mitumbwi: Mwandikie na mimi jina langu hapo chini. Chanjo yenyewe bado sijaikubali, nina mjukuu wa miaka tisa na mama yake anataka, tutazungumza nyumbani. Lakini hilo la pili, la kuambiwa sababu, hilo nalitaka. Na hiyo ya watoto wa Mwanza waliotolewa damu, iandike juu kabisa.